Meza Chini ya Dirisha

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani bila mwanga ni kipofu mwenye sindano. Chumba chetu, ghorofa ya tatu, kina dirisha moja. Meza ya cherehani niliiweka pale pale chini ya dirisha, na aliyetaka niihamishe nilimwambia aniletee jua lake.

Aliyetaka ni jirani wa chini, mama mtu mzima anayefua nguo za watu. Siku moja alipanda kuleta shati la kushonea vifungo, akaitazama meza, akamtazama binti yangu wa miaka mitatu, ambaye tunamwita Sisimizi kwa kupandapanda kwake.

"Mwanangu, hiyo meza ni ngazi."

"Si kuna wavu, mama?"

"Wavu wa mbu huo. Kwani Sisimizi wako ni mbu?"

Nikacheka kwa uchovu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia vizuri, ila sikuwa na pa kulipeleka. Nondo za dirisha mwenye nyumba alituahidi tangu tulipohamia, na kesho yake ilikuwa haijafika. Baba Sisimizi alikuwa safarini na lori. Wavu niliushona mwenyewe, pindo nikalipiga mishono miwili, nikaupigilia dirishani kwa misumari midogo, nikajisifu kwamba mshono wangu haufumuki.

Siku hiyo nilikuwa na sare kumi na mbili za shule, kola zote bado. Alasiri maziwa yakaanza kufurika. Jiko liko hatua nne tu kutoka kwenye meza. Nikaenda, nikaipua sufuria, nikageuka. Sisimizi alikuwa amesimama juu ya meza, tumbo kalilaza kwenye wavu, anamwita jirani aliyekuwa akianika nguo huko chini.

Sikumwita, nisije nikamshtua. Nilisikia misumari midogo ikichomoka mmoja mmoja, kisha wavu wote ukaenda. Nikamdaka kwa gauni, mgongoni. Gauni lenyewe nililiunga kwa vipande vilivyobaki, mshono mmoja, harakaharaka, maana mishono miwili ni ya wateja. Likachanika hadi kwapani. Mkono wa pili ukapata mguu, nikamvuta, tukaanguka sote sakafuni. Yeye alilia kwa sababu nilimbana mno.

Jirani akapanda na wavu mkononi, anahema. Hakunisimanga, ingawa haki hiyo alikuwa nayo. Aliukunjua tu, akapitisha vidole kwenye pindo.

"Mshono haujaachia hata uzi mmoja," akasema. "Ni misumari."

Tukaibeba meza, mimi na yeye, hadi ukuta wa giza karibu na mlango. Chini ya dirisha hatukuacha kitu, hata ndoo. Nondo zilikuja baada ya miaka miwili. Meza sikuirudisha, kila nikiishika ili niivute, mikono ilikataa.

Sasa Sisimizi ana miaka saba na macho yangu yamechoka. Tundu la sindano silioni tena, kwa hiyo yeye ndiye hunitilia uzi akitoka shule. Juzi aliniuliza:

"Mama, si nondo zipo? Kwa nini usikae dirishani kwenye mwanga?"

"Jua la pale linaniumiza kichwa."

Akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaupitisha mara moja, akanirudishia sindano.