Mzee Ambaye Mjomba Hakumwacha Afe

Kwato za farasi zilinifikia kabla ya picha. Nilikuwa bado uchochoroni, hapa mtaani kwetu Pasiansi, zikapenya mabati ya banda la video la mjomba, na juu ya mlio huo sauti ya mjomba, DJ wetu, kwenye kipaza, akiwasemea Wazungu wa filamu za kauboi kwa Kiswahili chetu.

Steringi, shujaa wa filamu, alikuwa wa watu wote. Mjomba alikuwa na wake: mzee mwembamba, taya limebonyea, anayetokea mara moja na kupigwa risasi. Filamu hii anachimba makaburi, ile anauza pombe baa, nyingine anaiba farasi. Mjomba aliziunga zikawa maisha ya mtu mmoja. "Makaburini wamemfukuza, sasa kapata kazi baa." Akianguka: "Hajafa! Wamemkimbiza hospitali." Wiki iliyofuata tulimwona mzima, pengine na ndevu nyeusi kuliko mwanzo, na banda likapiga makofi.

Jirani yetu, bibi muuza dagaa, alikuja kwa ajili ya mzee huyo tu, akimcheka na kumwita mtani wake.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba. Mtani wangu katoka hospitali?"

Jumapili moja, nikiwa bandani, nilimtafuta mwigizaji huyo mtandaoni kwa simu. Alikuwa amefariki zamani. Nikainama nikamnong'oneza mjomba, kama mtu aliyeleta zawadi. Akanitazama, kisha akatazama skrini. Mzee alikuwa anashuka ngazi za baa. Risasi ikalia.

Tukasubiri hospitali. Kipaza kilikoroma tu.

"DJ, umemeza ulimi?" mtu akapiga kelele. "Mwite daktari!"

"Amekufa," mjomba akasema.

Vicheko vikalipuka. Bibi hakucheka. "Amekufa wapi?"

"Kwao, mama. Kweli kabisa. Miaka mingi."

"Na hizi sauti zote?"

"Zangu."

Bibi alifunga khanga kiunoni upya, taratibu.

"Mtani humcheka marehemu msibani, mwanangu. Lakini anajua yuko msibani. Mimi umeniacha nimcheke mtu nikidhani yu hai."

"Nisamehe, mama."

"Kwani mimi ndiye niliyekufa? Muombe yeye."

Nami niliyeileta habari ile nilitazama viatu vyangu. Walioketi nyuma wakadai filamu iendelee. Mjomba alikisogeza kipaza mdomoni, kisha akakizima.

Bibi akainua beseni lake la dagaa, akapita katikati ya mabenchi bila kumgusa mtu, akaurudisha mlango wa bati nyuma yake polepole, kama anayetoka nyumba yenye maiti.