Habari za Hadado

Juzi nilikuwa Nairobi, katikati ya mji, natafuta kitambaa cha gauni la Idi la mjukuu wangu. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa ule wa maduka ya nguo, karibu na msikiti mkubwa. Duka nililolijua nikiwa msichana mdogo sasa limekatwakatwa vibanda vya simu, kila kimoja kinatosha mtu na kiti chake. Nikasimama kwenye kibanda cha kijana wa kwetu, ninunue chaja, nikamuuliza kwao ni wapi. "Hadado, eddo," akanijibu. Eddo ndivyo tunavyomwita shangazi, na Hadado ni kijiji cha kwetu huko kaskazini. Wallahi, moyo ulinipiga. Kabla sijauliza habari za huko simu yake ikalia. Akasikiliza, akasema polepole, "Inna lillahi. Lini?" Mteja mwingine akanyoosha kidole, hii kava ni ngapi, na kijana akamtajia bei, simu bado iko sikioni. Alikuwa amesimama.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, kwa nini sikuondoka pale.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo wengine waliita ya shifta na sisi watoto wa Garissa tuliiita tu "wakati wa askari". Tulikaa mtaa ambao leo mnauita Waberi, nyumba ya udongo na uzio wa miiba, mbuzi wakilala karibu kuliko wageni. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji mtoni na kufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na mpaka leo maziwa yasiyo na harufu ya moshi siyaiti maziwa. Mwanamke akienda mtoni, askari anamtazama. Lori likichelewa, watu wazima wananyamaza. Hofu tuliizoea, tukala nayo na kulala nayo.

Baba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Aliwapeleka Nairobi, akarudi na majora ya nguo aliyochukua kwa Mhindi mmoja mwenye duka mjini. Safari moja hakurudi. Turnboi wa lori alikuja kutuambia kwamba baba amezolewa kwenye msako, eti anasaidia watu wa porini, yaani wapiganaji wa shifta, na yuko ndani huko huko Nairobi. Mama alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Basi nyanya yangu, mama yake baba, tuliyemwita ayeyo, akafunga nyirinyiri kwenye kopo, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwa samli, akajitanda shuka yake nyeusi na kusema, "Nakwenda kumleta mwanangu." Ayeyo hakujua Kiswahili zaidi ya "jambo" na "afande". Mimi nilikuwa nasoma shule. Akanichukua niwe mdomo wake.

Jirani yetu, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alitufuata hadi kwenye lori. "Huko ukiulizwa, wewe hujui kitu! Hata Msomali mwenzako usimwamini. Wapo wanaokula kwa serikali." Ayeyo akamcheka. Mimi sikucheka.

Nikueleze kilichonitisha. Watu wetu hawanyimani habari. Ukikutana na mtu njiani akakuuliza "Warran", yaani toa habari, unatua mzigo na unatoa yote: mvua, malisho, visima, mifugo, halafu watu. Mwenzako naye anakupa zake. Kumnyima ni aibu sawa na kumnyima maji. Habari ya kifo peke yake ndiyo ina njia yake. Haitolewi kwa mtu aliyesimama. Mwenyewe anaketishwa kwanza, anapewa kitu cha kunywa, ndipo anaambiwa. Ayeyo alilelewa hivyo, na nilijua hakuna jirani wala askari atakayembadilisha.

Tulipofika Nairobi tulilala kwa jamaa katika mtaa wa Islii, asubuhi tukashuka mjini kwa miguu. Ee Mola! Magari, taa zinazobadilika rangi, harufu ya kahawa ikikaangwa mahali nisipopaona. Nyuma ya vioo walisimama wanawake wa mbao waliovaa suti, na ayeyo akawasalimia. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile niliona kofia za polisi tu. Kila kona nilihisi mtu atasema, nyinyi wawili, njooni hapa. Mkononi nilishika kibali chetu cha kusafiri mpaka kikalowa jasho.

Tulikuwa tunamtafuta yule Mhindi. Kama mfanyabiashara anayejulikana mjini angesimama na kusema namfahamu mtu huyu, baba angeweza kuachiwa. Hilo ndilo lilikuwa tumaini letu lote.

Tukiwa hatua chache tu kutoka dukani, mtu akatusalimia kwa Kisomali. Kijana mrefu, koti la kizungu, viatu vinang'aa. "Ayeyo, unatoka wapi? Warran."

Nikamvuta ayeyo shuka. Akanipiga kofi dogo la mkono, akatua kopo lake chini, na kuanza. Pale pale, magari yakipita, polisi wa kuongoza magari akiwa upande wa pili! Alieleza mvua za Garissa, kisha malisho. Akasema, "Wanangu ni wawili. Mkubwa ameshikwa na serikali, yuko hapa Nairobi, ndiye tunayemfuata. Mdogo yuko porini tangu masika, upande wa Diff, mpakani. Sijui kama anakula." Porini! Siku zile neno hilo lilitosha kuufunga ukoo mzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Kijana hakustuka. Akanitazama mimi. "Huyu anajua Kiswahili?"

"Anasoma," ayeyo akajibu kwa fahari. "Ndiye mdomo wangu."

Kisha akatoa habari zake, kama inavyotakiwa. Kwao ni Hadado. Ana muda mrefu hajasikia lolote. "Mama yangu ana ngamia weupe, anachechemea mguu wa kushoto. Hamjamsikia?"

Bibi yule nilimjua. Watu wa Hadado walipokimbilia kwetu na mifugo yao alifikia nyumbani kwetu, akaugua homa, akafa juu ya mkeka wa ayeyo. Maji ya kumwoshea niliyateka mimi. Alikuwa akimtaja mwanawe kila siku, yule aliye mjini, na ayeyo alimwahidi kwamba akimwona atampa salamu zake.

Ayeyo akamtazama alivyosimama. "Hadado mvua imenyesha," akasema. "Ngamia weupe wamezaa. Njoo tuketi, mwanangu, tunywe chai."

"Sina muda, ayeyo. Kazi inaningoja." Akatuaga na kupotea ndani ya watu.

Nilishindwa kumwelewa ayeyo. Habari ya kufichwa ameimwaga barabarani, na ile aliyoulizwa ameimeza! Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilikuwa na njaa na hofu, nikamwambia, "Umemuua baba." Aliokota kopo lake tukaingia dukani.

Mhindi alikuwa mzee wa miwani, duka lake limejaa majora mpaka darini, na harufu ya nguo mpya ilinipanda kichwani. Nilimweleza kwa Kiswahili cha shule, naye akanijibu kwa Kiswahili chake cha dukani. "Baba yako mtu safi. Mimi najua yeye." Akavaa koti, akamwachia mkewe duka. Mpaka leo nikisikia watu wakiwasema vibaya wenye maduka wa zamani, namkumbuka yule mzee akifunga vifungo vya koti lake kwa ajili yetu.

Ofisi ilikuwa ghorofani, si mbali. Tukaingizwa. Mezani alikaa bwana mkubwa wa serikali, na pembeni yake mkalimani. Koti la kizungu, viatu vinang'aa.

Nilihisi haja ndogo ikinitoka. Ni yeye! Hakuonyesha hata kwa ukope kwamba anatujua. Ayeyo alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Mhindi akasema yake, akasema vizuri. Bwana mkubwa akamsikiliza, halafu akamgeukia ayeyo. "Mwulize ana watoto wangapi wa kiume, na wako wapi."

Mkalimani akauliza. Nilimwomba Mungu ayeyo adanganye mara moja tu maishani mwake. Lakini kwake kumkana mtoto aliye hai ni kumchimbia kaburi. Akanyanyua uso, akasema kwa Kisomali, "Wawili. Mmoja mnaye nyinyi. Mwingine yuko porini, Diff, na Mungu wake."

Mkalimani akakohoa.

"Anasema ni huyu mmoja tu, afande. Mwingine alifariki akiwa mdogo."

Bwana mkubwa akaacha kuandika. Pengine alisikia neno Diff, sijui. Akanikazia macho. "Wewe mtoto. Unajua Kiswahili, sivyo? Ndivyo alivyosema nyanya yako?"

Mkalimani hakunitazama. Alitazama dirishani, na nikaona shavu lake likicheza. Maisha ya baba yalikuwa juu ya ulimi wangu, na ya mtu huyu pia.

"Ndivyo, afande," nikasema. "Alifariki."

Baba alitolewa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, kwa dhamana ya yule Mhindi. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, mkanda hana. Alinibeba japo nilishakuwa mkubwa wa kubebwa. Mhindi akasema, nendeni haraka, kabla hawajabadili mawazo. Baba naye akasema, twende, mama, twende sasa hivi.

Ayeyo akakataa.

"Nina kazi hapa," akasema, akaketi kwenye ngazi ya nje ya ofisi ile ile. Baba alimsihi, karibu alie. Mhindi akashika kichwa. Mimi nilishaelewa, na niliogopa, maana mtu anayejua siri yetu sasa ataambiwa kwamba tulimficha siri yake. Akikasirika tumekwisha.

Mkalimani akatoka saa ya chakula. Ayeyo akampigia ukingo wa ngazi kwa kiganja. "Keti." Safari hii hakusema ana kazi. Alimtazama usoni, na miguu yake ikamkalisha. Ayeyo akanituma chai kwa muuza chai wa kona, akafungua kopo la nyirinyiri lililokuwa la njiani, akamngojea mpaka akanywa. Kisha akamwambia yote: homa, mkeka, maji, yasini iliyosomwa, kaburi liko upande gani wa mto, na kwamba jina lake lilitajwa kila siku.

Kijana akalia kimya kimya, chai mkononi, watu wa mjini wakituruka kwenye ngazi na vifurushi vyao. Baada ya muda akauliza, "Asubuhi ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umesimama, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa mkono wa koti zuri, akarudisha kikombe. "Habari ya Diff," akasema, "nimeiacha kule barabarani." Akapanda ngazi kurudi kazini. Hatukumwona tena.

Ami yangu wa Diff hakurudi. Ayeyo hakuwahi kuambiwa amekufa, kwa hiyo hakuwahi kuketishwa, na mpaka anaingia kaburini alisema wanawe ni wawili. Siku hizi mambo ya kule nayapata kwenye simu nikiwa jikoni, nikiwa foleni, mkono mmoja umeshika kitunguu. Mvua, kuzaa kwa ngamia, vifo, vyote vinakuja pamoja na matangazo ya mikopo.

Kijana wa kibandani akamaliza kuuza kava. Akanigeukia na tabasamu la biashara. "Samahani, eddo, chaja ya aina gani?"

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Mama."

Nikaingia nyuma ya meza yake bila kuombwa, nikavuta kile kiti kimoja.

"Keti, mwanangu," nikamwambia. Akaketi, na hapo ndipo akalia.