Majina Aliyoyafuta Fiifi

Hapa Takoradi, katika ofisi ninayofagia, Fiifi Arkorful anajiita mtunzi wa programu. Sijamwona akitunga chochote. Alichukua maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa wa kujengea tovuti, inayotolewa bure na watu wa nchi mbalimbali wanaoomba kitu kimoja tu, majina yao yasifutwe. Fiifi aliandika amri ya mstari mmoja, akala waakye yake, wali wa maharage, huku maktaba ikijisakinisha yenyewe, kisha akafuta majina yao na kuweka lake.

Siku ya kumwonyesha Mama Quansah, mwenye duka la vitambaa, tovuti aliyoagiza, Fiifi alisakinisha toleo jipya la maktaba ile asubuhi hiyohiyo, bila kusoma onyo kwamba linavunja kurasa za zamani. Ukurasa ukatoka mweupe mtupu.

"Vitambaa vyangu viko wapi?" aliuliza Mama Quansah.

"Dakika moja tu, Mama."

Zikapita arobaini.

"Si uliniambia umeitunga mwenyewe, kila herufi? Basi itengeneze, mwanangu."

Adwoa, anayejenga tovuti pia kwenye meza ya pili, hakuinua hata kichwa. "Kaka Fiifi, si uwaulize wale uliowafuta?"

Fiifi akawaandikia palepale, akiwaita ndugu zake wapendwa. Mama Quansah aliisoma barua hiyo akichungulia juu ya bega la Fiifi, akachukua mkoba wake, akahamia meza ya Adwoa na kumpa kazi.

Mimi nilifagia chini ya kiti cha Fiifi. Mezani kwake bado pameandikwa "Mtunzi".