Mkuku Mrefu Kwenye Fungu la Msimbati

Mashua ile tuliikodi kwa jasho, maana miaka ile hata ungekuwa na fedha, dukani ungenunua nini? Ilikuwa imeegeshwa Shangani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja nesi, mjane wa fundi wa bandari aliyetoka kwao ziwa Nyasa. Mzungu aliyekuwa akishindana nayo alipofungasha kurudi kwao, alimwachia marehemu. Mbao zake za msaji, mlingoti mmoja mrefu, tanga lenye viraka. Ilikuwa kuukuu, lakini ukiigonga ubavuni inajibu kama mlango wa benki.

Mama alitaka tuikalafati yote kwa pamba na mafuta ya papa, kisha tumpakie nyumba chokaa. Nikamwambia nyumba haishindani. Akasema bila nyumba mashua haitoki. Tukapatana tupake ule upande unaoonekana barabarani. Nilidhani nimeshinda, mpaka aliponiambia lililobaki.

"Siku ya mashindano nami napanda. Na ikigusa chini, usukani ni wangu. Neno langu halijibiwi."

Nikakubali hapo hapo. Sharti ambalo huoni likitokea huwa jepesi mdomoni.

Tulichokuwa tunakifuata ni zawadi ya kwanza ya mashindano ya mashua na ngalawa: wavu mpya wa nailoni, wa kuvuta. Kikundi chetu cha uvuvi, katika kijiji chetu cha ujamaa, kilikuwa na wavu uliobaki na mafundo mengi kuliko matundu. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kutuambia bila kuzunguka: kikundi kisicho na wavu si kikundi cha uvuvi, na baada ya sikukuu ya wakulima nguvukazi hiyo itapelekwa kwenye mikorosho, upande wa Nanyamba. Sina ugomvi na mkorosho. Ila sisi tulikuwa watu wa chumvi, na wengine kati yetu jembe walilijua kwa kulipisha njia.

Mwandikishaji wa mashindano aliizunguka mashua mikono nyuma. "Hiki chombo cha kibepari, ndugu."

"Kilikuwa, ndugu. Sasa kina wanakijiji watatu na mtumishi wa serikali."

Akacheka, akaandika.

Tulianzia Msimbati, kumalizia Shangani. Upepo wa kusi ulikuwa umeamka vibaya na maji yameanza kupwa. Mimi usukani, mama karibu yangu na kilemba chake cha kanisani, mbele wako ndugu wawili Wamakonde wa kikundi chetu, mabaharia wa ngalawa tangu kunyonya. Mkubwa alikuwa na maneno, mdogo alikuwa na mikono.

Ngalawa zote zilikata kushoto, kupita juu ya fungu la mchanga kabla ya mlango wa bahari. Ndiyo njia ya siku zote. Kuzunguka fungu ni kupoteza muda. "Fuata wenzio!" akaita mkubwa, nami nikafuata. Ngalawa inaomba maji ya goti. Mashua ile nilikuwa nimeikagua kamba kwa kamba, mara mbili, na mkuku wake, ule ubao mrefu ulioshuka chini ya tumbo, nilikuwa nimeukwangua kombe kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini sote watatu, katika maisha yetu, hatukuwahi kupanda chombo chenye kitu cha kushuka chini kuuliza kina. Tuliiona njia, tukaenda.

Ikagusa taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Kisha ikasimama.

Ngalawa iliyokuwa nyuma ikatupita karibu. Nahodha wake, pande la mtu kutoka Msangamkuu, akainua kofia. "Mmeuotesha mti huo? Umwagilieni, bwana."

Mchanga ulionekana chini, mweupe, na maji yakizidi kuondoka. Yakituacha pale, mashua ingelala ubavu na kufumuka mbao. Wavu ungekuwa umekwenda, na mjane nimemvunjia chombo.

"Usukani," akasema mama.

"Mama, imegusa mchanga. Chini bado."

"Na mchanga uko wapi, juu?"

Nikampisha.

"Tanga lisishuke. Livuteni ndani, likaze. Halafu wote upande wa chini, mning'inie nje."

Mtoto wa ngalawa hufundishwa hivi kabla ya kujua kuogelea: chombo kikilala, kimbilia upande wa juu. Hawa ndugu miili yao ilikwisha kwenda juu, wameshika kamba, na mama anawaambia waende kwenye maji.

"Mama, tutazama," akasema mkubwa.

"Maji ya shingo haya. Labda upige magoti ndipo uzame."

"Itapinduka."

"Mkuku ni mguu, marehemu alinionyesha. Ng'ombe akilala, mguu unatoka matopeni. Baba, teremka."

Aliyeitwa baba ni mimi. Nikateremka, nikaning'inia, bahari ikaniingia shati. Mdogo akanifuata. Mkubwa alibaki juu akitusihi, na mashua ilitikisika tu, haikwenda. Uzito wake ndio uliokosekana.

"Kaka," akasema mdogo, neno lake la kwanza tangu asubuhi, "mikorosho."

Mkubwa akafumba macho, akaja. Mashua ikalala mpaka maji yakapanda sitahani. Mbao zililia. Kitu kikakwaruza chini yetu, kikakwaruza tena, kisha kikanyamaza. Tulikuwa tunakwenda.

Nje ya mlango, bahari kubwa ilitupokea na mashua ikawa chombo kingine. Mawimbi yaliyozirudisha ngalawa nyuma, yenyewe iliyapasua. Tulizipita moja moja, mkubwa akiziaga kwa heshima zisizohitajika. Karibu na Msangamkuu ilibaki moja tu mbele, ile ya pande la mtu. Ikakata ndani, juu ya mwamba, njia ya mkato.

Mama akanitazama. "Neno ni langu, lakini wavu ni wenu. Sema: ndani au nje?"

Nikayahesabu maji kwa macho, nikayahesabu tena. Kwa ngalawa yalitosha. Kwetu, labda. Ndugu wote wawili walinikazia macho.

"Nje," nikasema.

Tulishindwa kwa urefu wa mashua tatu. Zawadi ya pili ilikuwa majembe manne. Serikali haikuficha ujumbe wake.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa kwenye jukwaa, akishuka pole pole kuja upande wetu. Nikamwahi mshindi, aliyekuwa ameukalia wavu wake.

"Hongera, nahodha. Wavu huo ni kamba mbili, kila moja inataka watu wa kuivuta. Wewe unao wangapi?"

"Watano."

"Basi wanne, maana nahodha havuti."

Akanipima. "Unataka nini, mjomba?"

"Kuvuta. Kikundi kizima. Kwa nusu."

"Nusu ya wavu niliokushinda?"

"Nusu ya samaki. Wavu ukae nao."

"Robo."

Mwenyekiti alikwisha kuvuka kamba ya watazamaji, akisalimiana huku na huku.

"Theluthi," nikasema, "na majembe yote manne chukua wewe."

Nahodha akayageuza, akalijaribu moja kwa kidole. "Na mipini?"

"Na mipini."

Akanipa mkono, nami nikaushika mpaka mwenyekiti alipofika, aone mwenyewe kwamba kikundi kina wavu wa kuvuta.