Kago Nililotundika Kwenye Karavani

Mkifika Voi mkataja jina langu na watu wakacheka kabla hamjamaliza, jueni ni ile aibu ya karavani, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko Mama Zuhura, ambaye kila akisimulia anaongeza lake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi ni kijana wa kuuza petroli kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini, na nilikuwa nimebakisha kidogo tu kumwoa Wakesho. Hicho kidogo kilikuwa neno la mwisho la baba yake, Mwalimu Mwadime wa kanisa kule Wundanyi, mtu asiyevumilia pombe, uongo wala uganga.

Basi wakaja Mzungu na mkewe, gari lao linavuta nyumba nzima yenye magurudumu (karavani, ndivyo walivyoiita), na kwa kuwa kona za kupanda milimani si za kuvutia nyumba, wakaomba kuiacha nyuma ya duka mpaka washuke. Mzungu akapitisha mnyororo kwenye gurudumu, akapiga kufuli, akanipa ufunguo wa mlango niwe naipitisha hewa joto likizidi.

"Kitu kikipotea," tajiri wangu akaniambia, "na wewe potea."

Na ile karavani, jamani, ilikuwa nzuri. Meza inageuka kitanda, jiko limefichwa kabatini, vikombe vinaning'inia kila kimoja na kulabu yake, mpaka nikajiuliza aliyeitengeneza alilala usingizi saa ngapi. Watu walichungulia tangu asubuhi, na kwa kuwa taa ya chemni ya jirani ilikuwa imetembea juzi tu, nikaona mnyororo unalinda gurudumu, vikombe je? Ndipo nikapata akili (ndiyo, niliiita akili) ya kuweka kago, ile dawa mkulima anayotundika shambani ili mwizi akigusa mali anaswe papo hapo mpaka mwenyewe aje. Langu halikuwa na mganga yeyote. Nilichukua kibuyu kikuukuu, nikakifunga kitambaa chekundu, nikachomeka mwiba wa nungu na manyoya ya kanga, nikakitundika mlangoni, halafu nikamnong'oneza Mama Zuhura, muuza mahamri wa pale, kwamba dawa imetoka Kasigau, kwa waganga wanaoogopwa. Kumwambia yeye kulitosha. Kufikia adhuhuri hata watoto walikuwa wanapita mbali.

Hapo ningetulia. Lakini kesho yake jua lilipowaka nikaingia kupitisha hewa, nikavua viatu, nikajilaza kidogo kwenye kile kitanda nijue Wazungu wanasikia vipi, na upepo wa Voi (mnaujua) ukabamiza mlango. Kushika kitasa, kikabaki mkononi. Ndani kukawa tanuri. Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa, mabega, tumbo, na kiunoni nikakwama, siendi mbele sirudi nyuma, na ufunguo uko mfukoni mwa suruali upande wa ndani.

Nikamwita Mama Zuhura anivute. Akaja, akakitazama kibuyu, akanitazama mimi, akarudi kinyumenyume.

"Kago limemnasa," akasema. "Kumbe mwizi ndiye mlinzi mwenyewe."

Treni ya Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeingia, basi abiria nao wakaja kumwona mwizi aliyenaswa na dawa, na hakuna aliyethubutu kunigusa. Nikaapa kwamba ni dirisha tu, ni dogo. Wakatikisa vichwa, maana kila mwizi ana lake la kusema. Na katikati ya umati huo, mche wa sabuni kwapani, akatokea Mwalimu Mwadime, aliyeshuka mjini kununua vitu, na nyuma yake Wakesho.

Mwalimu akasogea mpaka chini ya dirisha.

"Mwakio, sitaki maneno mengi. Kama hii dawa ni yako, wewe ni mganga. Kama si yako, wewe ni mwizi. Nimpe binti yangu nani kati ya hao wawili?"

Nikisema dawa ni ya uongo, basi mimi mwongo, na hilo nalo lilikuwa kwenye hesabu yake. Nilimwona Wakesho akinipotea pale pale, na machozi yakanilenga.

Wakesho akampita baba yake, watu wanamwita arudi, akaenda mpaka mlangoni akakiangua kibuyu kwa mikono mitupu.

"Baba, hiki ni changu. Nilimpa na maziwa mala. Ona hapa nilipokishona kilipopasuka." Akang'oa mwiba, akakipindua, likaanguka gunzi la mahindi peke yake. "Huyu si mganga na si mwizi. Ni mtu ameogopa kufukuzwa kazi kabla ya harusi. Mama Zuhura, lete mafuta."

Moyo ule sijauona kwa mwanamume yeyote. Akanipaka mafuta ya mahamri kiunoni mbele ya stesheni nzima, akashika mikono yangu, akavuta. Nikatoka. Suruali haikutoka. Nikaanguka miguuni pa Mwalimu na shati peke yake, na kwetu mtu humwonea haya mkwe hata akiwa amevaa kamili. Mwalimu akageuka kuangalia reli, akavua koti, akaninyooshea kwa nyuma bila kutazama.

Karavani sasa haikuwa na kago wala siri, na Wazungu bado wako milimani. Wakesho hakuhangaika. Alimwomba Mama Zuhura ahamishie jiko lake la mahamri mlangoni pa karavani, na tangu alfajiri mpaka jioni palikuwa na watu wanakula, wanapiga soga, wanaangaliana. Usiku nikalala chini ya karavani mimi. Hakikupotea hata kijiko. Wazungu waliporudi waliuliza kitasa tu.

Mwalimu alitoa neno lake Jumapili. "Wewe bado sijakuelewa," akaniambia. "Lakini binti yangu namwelewa, na amekuchagua akiwa na akili zake."

Tangu siku ile sijaweka ulinzi ambao siwezi kuueleza mbele ya mkwe. Kibuyu kiko jikoni kwetu mpaka leo, kimejaa chumvi, na wageni wakija nikianza kujisifu jinsi nilivyolinda mali ya Mzungu, Wakesho hanikatizi. Huniomba tu nimsogezee kile kibuyu.