Sehemu ya Pili ya Shangazi

Siku redio ilipotangaza kifo cha Mzee Gunzi, soko la mahindi la Kibaigwa lilinyamaza, na soko lile hata mvua ya mawe haijawahi kulinyamazisha. Madalali waliacha kubishana. Makuli wakakaa juu ya magunia. Akina mama wanaopepeta mahindi wakaweka nyungo chini na kushika tama. Mchekeshaji yule alikuwa wa kila mtu. Wakubwa walimjua tangu enzi za kanda na deki, watoto walimjua kwa vipande vya kwenye simu, mara anakimbizwa na beberu, mara anatumbukia kwenye pipa la pombe ya mtama.

Edina peke yake hakuweka ungo chini.

"Shangazi, huna hata aibu," akasema Angelina, aliyekuwa akipepeta upande wa pili wa lundo. "Mwenzako uliyecheza naye amekufa, wewe mkono unakwenda tu."

"Mahindi hayajafiwa," Edina akajibu.

Jibu hilo lililizunguka soko zima kabla jua halijafika utosini. Kila lilipopita liliongezewa chumvi, mpaka likarudi kwake likiwa limegeuka: eti Shangazi amecheka, eti amesema na bado.

Jina la Shangazi hakupewa na ndugu. Zamani, alipokuwa angali msichana aliyeolewa Haneti, na Zablon mwanawe hajaacha ziwa, watu wa filamu walikuja kutoka Dar es Salaam na gari moja na kamera moja. Walitaka mwanamke wa kucheza shangazi mbaya. Wakamkuta Edina bombani akimpa maneno yake mtu aliyeruka foleni ya ndoo, na mkuu wao akasema, huyuhuyo, uso ndio huo. Picha iliitwa Mtama wa Shangazi. Walimvika kaniki, wakampaka majivu usoni, wakampa ungo mkononi na kumsimamisha katikati ya mtama alfajiri. Walihitaji pia mtoto wa kula ugali na kuanguka. Hakuna mama Haneti aliyekubali mwanawe ashikwe na mtu aliyepakwa majivu. Edina akamtoa wa kwake.

Sehemu ya kwanza iliishia pale. Mtoto amelala chini, Shangazi amesimama na ungo, na Mzee Gunzi, aliyecheza kaka yake, anapiga yowe: "Dada, umenimalizia mwanangu!" Kisha yakaja maandishi ya kuwataka watu wasikose sehemu ya pili. Watu wakaingoja. Haikuja. Msambazaji, walisema, alifilisika kabla ya kuitoa.

Basi Haneti ikabaki na mchawi. Walimtupia mawe juu ya bati. Kisima alichochota yeye kwanza, wengine hawakuchota. Mumewe, aliyemwona kwa macho yake akipakwa yale majivu, naye akaanza kulala kwa mama yake, halafu akaoa kwingine. Edina akamfunga Zablon mgongoni akaja Kibaigwa, ambako hakuna aliyemjua. Alikuta kanda imemtangulia.

"Ngojeni sehemu ya pili," alikuwa akiwaambia. "Mimi niliicheza, naijua. Mtaona." Akawaambia mwaka huu, akawaambia mwaka ule, mpaka neno lenyewe likawa la kumchekea. Akichelewa kazini: "Shangazi alikuwa kwenye sehemu ya pili." Akishika ungo wake apepete: "Leo umekuja nao au umekuja juu yake?" Naye hakuwa mtu wa kumeza. Alirudisha tusi na la nyongeza. Ulimi ule ndio uliomlea Zablon, na ndio uliomkosesha mtu wa kumtetea.

Miaka ikalilegeza jambo. Zablon akakua, akawa kuli hapohapo sokoni, akaoa Yudith, binti wa Mpwapwa asiyejua habari za kanda. Wakapata mtoto, wakamwita Ruthu. Wote walikaa ua mmoja. Jioni Yudith alipopika, Ruthu alikaa mapajani kwa bibi yake, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo Edina hakuwa akigombana na mtu.

Sasa Mzee Gunzi alipokufa, Nurdini, Mrangi mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video nyuma ya mashine ya kukoboa, akafufua picha zake zote. Kila alasiri watu walijaa kwenye mabenchi kumlilia marehemu kwa kicheko. Picha ambazo hakuna aliyezikumbuka zikawa mpya. Mtama wa Shangazi ndiyo iliyopendwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake alikuwemo mtu unayeweza kwenda kumtazama sokoni kesho yake. Watoto wakaanza kumfuata Edina njiani wakipiga yowe la "Dada, umenimalizia mwanangu!" na kukimbia.

Yudith naye aliingia kuangalia, Ruthu akinyonya. Jioni ile alipika na mtoto mgongoni.

"Mlete nimshike," Edina akasema. "Moshi utamuumiza macho."

"Amelala, mama."

Ruthu alikuwa macho. Kesho yake akawa amelala tena, na keshokutwa. Siku ya nne Edina akamsogelea mekoni. "Yudith, nani amekujaza maneno?"

"Hakuna mtu. Nimeona mwenyewe."

"Umeona mchezo. Yule mtoto aliyelala chini ni mumeo, muulize."

"Ndiyo maana naogopa zaidi," Yudith akasema bila kuinua macho. "Watu wote walikataa kutoa watoto wao. Wewe ulitoa wako."

Edina akamgeukia Zablon, aliyekuwa anaosha miguu mlangoni.

"Mama, mpe muda," Zablon akasema.

"Muda wa nini? Wa mtoto kuota meno?"

"Mimi sikumbuki kitu, mama. Nilikuwa mdogo. Niseme nini?"

"Kaa kimya hivyohivyo. Baba yako naye alikuwa hodari wa kukaa kimya."

Arobaini ya Mzee Gunzi ilipokaribia, Nurdini akaandika kwa chaki kwenye ubao wake: MTAMA WA SHANGAZI, SEHEMU YA PILI, HAIJAPATA KUONEKANA, JUMAPILI BAADA YA IBADA. Mtu mmoja aliyekuwa amekaa na kanda hiyo nyumbani kwao miaka yote aliposikia msiba aliitia mtandaoni, na Nurdini akaishusha kwenye flashi. Edina aliusoma ubao ule polepole, kisha akaenda moja kwa moja nyumbani.

"Jumapili nenda kaangalie," akamwambia Yudith. "Sikuombi kitu kingine."

Yudith akakaza kanga iliyombeba Ruthu, akaendelea kuchochea moto.

Jumapili hiyo kibanda hakikupitika. Nurdini alikuwa ameziba madirisha kwa magunia ili jua lisiharibu picha. Edina alikaa benchi la mbele kabisa, peke yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kugusana naye bega. Alipogeuka alimwona Yudith amesimama karibu na mlango, Ruthu mgongoni, mahali ambapo mtu angeweza kutoka mbio.

Mzee Gunzi alipotokea, kibanda kililipuka kwa vicheko. Wengine walifuta machozi. Kisha picha ikamwonyesha akiwa ghalani na gunia la mbegu za msaada, zile za kupanda, zilizopakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu. Akazimwaga kwenye beseni. Akaziosha. Maji yakawa mekundu kama damu ya kuku. Akazianika, akazisaga, akampa mkewe unga apike. Aliangalia huku na huku, akacheka kile kicheko chake chenye pengo, na safari hii hakuna aliyecheka naye.

"Kumbe ni yeye!" mtu akasema nyuma.

"Ni yeye nini?" Angelina akainuka. "Nurdini, zima! Mwenzetu hata arobaini haijaisha, unatuonyesha anaua mtoto?"

"Marehemu hasemwi vibaya!"

"Zima, tutakivunja hiki kibanda!"

Nurdini, ambaye tivii ile ndiyo shamba lake na ng'ombe wake, akazima.

Edina akasimama na kuwageukia. "Washa! Nimekaa miaka yote naingoja, washa!"

"Kaa chini, mchawi!"

"Ule ni mchezo! Gunzi hakumpa mtu sumu, na mimi sikumroga mtu. Lakini kama mimi ni mchawi kwa sababu ya sehemu ya kwanza, basi na yeye ni muuaji kwa sababu ya sehemu ya pili. Chagueni!"

"Tumeshachagua," akasema Angelina.

Wakatoka wakisukumana. Mmoja alipiga teke benchi. Mwingine alitema mate karibu na miguu ya Edina, hakumlenga sana, hakumkwepa sana. Kibanda kikabaki na mabenchi yaliyopinduka, Nurdini, Edina, na Yudith pale mlangoni.

"Washa, Nurdini."

"Mama Zablon, watanivunjia tivii."

"Mimi nitakuvunja wewe, halafu niendelee na tivii."

Nurdini akafunga mlango, Yudith akiwa bado ndani, akapunguza sauti, akawasha.

Yaliyofuata yalikuwa machache. Shangazi alikuwa ameingia kwenye mtama alfajiri ile kuchuma majani ya kumtapisha mtoto, na ungo ulikuwa wa kuyatilia majani hayo. Alipoona hayafai kitu akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kukimbia kwenda zahanati. Zablon, ambaye siku ile hakujua kama ni mchezo, alikuwa analia kwelikweli. Njiani akaanza kukabwa na mafua, makamasi yamemziba pua, hapati hewa. Hilo halikuwa limeandikwa mahali popote. Edina wa siku zile aliisahau kamera. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamzungusha mtoto mbele, akaweka mdomo wake juu ya pua yake, akafyonza, akatema pembeni, akafyonza tena. Kisha akamfuta kwa pindo la kaniki, majivu ya uso wake yakambaki mtoto shavuni, na mtoto akanyamaza. Mkuu wa filamu aliiacha hivyohivyo.

Edina alikuwa amesahau kabisa kwamba jambo hilo lilitokea.

Picha ilipokwisha aligeuka. Mlango ulikuwa wazi na Yudith hakuwepo.

Jioni Yudith alipika na mtoto mgongoni. Edina hakuomba kumshika. Alikula ugali wake akiwa amewapa mgongo, akawaza kwamba sasa hata sehemu ya pili imekwisha, na hakuna ya tatu.

Asubuhi alikwenda sokoni kama kawaida. Wenzake walikuwa wamelihamisha lundo lao mbali na lake. Angelina alikuwa katikati yao, anasimulia kwa sauti ya kusikika. "Mtu anangoja mwenzake afe ndipo amsingizie. Akiwa hai mbona hakuthubutu?"

"Alikuwa anamwogopa."

"Amwogope nani? Wewe umewahi kuona mchawi anamwogopa mtu?"

Edina akarusha mahindi juu, pumba zikaenda na upepo upande wao. Alihakikisha zinakwenda upande wao.

Ndipo Yudith akatokea kati ya malori. Alikuwa anatembea haraka, kanga imemlegea, na Ruthu hakuwa mgongoni. Alikuwa mikononi, uso mwekundu, anakoroma kwa pua iliyoziba, analia bila sauti kutoka vizuri. Akina mama wote walisita. Yudith akawapita, hakuwasalimu, akasimama mbele ya ungo.

"Mama, hajalala tangu usiku," akasema. "Nimemfyonza, nimeshindwa. Hanyonyi. Mshike."

Edina hakusogea mara moja. Alimtazama mkwewe usoni, kisha akawatazama wale wengine, waliokuwa wameshaanza kusogea ili waone vizuri. Akauweka ungo chini. Akafuta vumbi la mahindi mikononi kwa kanga yake, akajifuta na mdomo, akampokea mtoto. Akamlaza kwenye mkono, akaweka mdomo juu ya ile pua ndogo, akafyonza.

"Mmeona?" Angelina akapaza sauti. "Jamani, mmeona kwa macho yenu? Anamfyonza mtoto mchana kweupe!"

Edina akatema pembeni, karibu na miguu ya Angelina, hakumlenga sana, hakumkwepa sana. Kisha akahamia tundu la pili.