Wimbo wa Mishiko Miwili

Kila Jumamosi asubuhi Alionzi wa Pajulu, kando ya mji wa Arua, alilifunga gitaa lake mgongoni kwa kitenge cha mkewe, vile mama anavyombeba mtoto, kisha akawasha pikipiki na kushika njia ya Koboko. Wauza mihogo wa Maracha, katikati ya njia, walishamzoea. Wengine walimpungia yeye, wengine walilipungia gitaa, naye hakujali anayesalimiwa ni nani, ilimradi salamu zimefika.

Gitaa lenyewe lilikuwa kavu, la sanduku, lisilotaka umeme. Ubavuni lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya seremala, na pale kidole gumba kinapopita rangi ilikuwa imelika hadi mbao zikabaki nyeupe. Kwa gitaa hilo Alionzi alichezesha harusi za Arua ujana wake wote, mpaka watu wakaanza kukodi spika kubwa na kijana mmoja wa kubonyeza vitufe, na bendi yake ikafa kimya kimya bila hata matanga. Mwingine angefungua kesi na dunia. Alionzi alinung'unika kidogo, akaanza kufundisha watoto. Na niseme wazi, maana mwenyewe huona haya kusema: kwenye bendi hakupata hata nusu ya furaha aliyoipata kwa watoto wa Koboko.

Lakini gitaa lake halikuguswa na mtu. Filda, mkewe, aliruhusiwa kulifuta vumbi, tena Alionzi akiwa amesimama pale pale akimtazama mkono. Watoto walikuwa na magitaa matatu ya kanisa waliyopokezana kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, na la mwalimu walilitazama kwa macho tu.

Shida ilikuwa nyimbo. Alionzi alianza na zile alizozipenda yeye, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Zilikuwa nzuri, zenye mishiko minne au mitano ya vidole, na ndani yake haukukosekana mshiko wa F. Huo mshiko wa F ni adui wa mtoto. Kidole cha shahada kinatakiwa kilale juu ya nyuzi zote kama mlevi kwenye benchi, na vidole vingine vifanye kazi huku chenyewe kimelala. Watoto walibonyeza hadi ncha za vidole zikawa nyekundu, na kilichotoka ni mlio wa kijiko kinachokwangua sufuria.

"Mwalimu, hii wimbo inauma," alisema Yangi, msichana wa miaka tisa aliyekuwa na kawaida ya kusema anachokiona.

"Vumilia, vidole itazoea."

Hawakuvumilia, na sioni kwa nini wangevumilia. Jumamosi baada ya Jumamosi benchi zilipungua watu, hadi darasa zima likaenea kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

Ndipo alipokuja Mama Agnes Keji. Huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliyetoka Yei, Sudan Kusini, wakati wa vita na kuota mizizi Koboko, na akina mama wake walikuwa na cherehani zilizofunikwa mashuka zikisubiri mahali pa kufundishia wasichana kushona. Ukumbi ulikuwa mmoja tu, na siku waliyoitaka wao ilikuwa Jumamosi, wasichana wasipokwenda shule.

"Mwalimu, sisi nasikia kelele tu," alisema akiwa mlangoni. "Wimbo iko wapi?"

"Inakuja, Mama Keji."

"Inakuja kutoka wapi? Kampala?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikia. Siku ya shukrani ya mavuno, wageni ya kanisa ya Arua iko nakuja. Kama siku hiyo watu nasikia wimbo, Jumamosi iko yako. Kama hakuna wimbo, cherehani naingia."

Aliyasema bila uchungu wala ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Alionzi. Mama Keji angekuwa mtu mbaya, Alionzi angepata wa kumchukia. Sasa alibaki na hofu yake mwenyewe: kwamba Jumamosi zitakwisha, na kwamba atakuwa amezimaliza yeye.

Nyumbani Pajulu akageuka mtafuta nyimbo. Jioni alikaa uani akipiga huu, akipiga ule, na Filda akibangua karanga kando yake akawa hakimu.

"Huo una kona nyingi," Filda alisema kwa Kilugbara bila kuinua macho. "Mtoto atapotea njiani."

Akapiga mwingine.

"Huo una haraka. Unakimbizwa na nani?"

Alionzi alichukia, kisha akakubali, maana Filda hakukosea karanga wala maneno. Polepole akaelewa anachokitafuta. Wimbo wa mtoto anayeanza uwe na mishiko miwili tu, utembee bila pupa, na zaidi ya yote mtoto awe anaujua tangu zamani, kichwa kipumzike na kazi viachiwe vidole. Nyimbo za namna hiyo alikuwa nazo tele, ila zote zilikuwa za Kilugbara, na watoto wa Koboko ni Wakakwa. Yeye Kikakwa alijua salamu peke yake, tena akishaitikiwa huishiwa. Darasani walipatana kwa Kiswahili.

Jumamosi moja, darasa lilipokwisha, alikuwa akifunga gitaa mgongoni aliposikia watoto wakiimba kwenye pampu ya maji nyuma ya ukumbi. Wimbo ulikuwa ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, sawasawa na mkono wa pampu. Alionzi akalifungua gitaa haraka, akasogea, akatafuta. Akaweka mshiko wa Am. Sauti zilipogeuka, akahamisha vidole viwili uzi mmoja tu kwenda juu, cha tatu akakinyanyua kipumzike, na hapo akawa kwenye Em. Kisha akarudi. Wimbo mzima ulikuwa ni huo.

Alitaka kupiga kelele. Akajizuia, kwa kuwa ni mwalimu.

"Hii wimbo ni ya nini?"

Watoto wakatazamana. "Ya wageni," akasema Yangi.

"Ya kupokea wageni?"

"Eh. Wageni ikifika, mama naimba hii."

Wenzake wakaficha nyuso kwenye sketi na mashati, mabega yakitikisika. Mtu mwenye mashaka kidogo angeuliza kinachowachekesha. Alionzi, hana hili wala lile, alikuwa hajaona watoto wale wakicheka kwa muda mrefu hata akakichukua kile kicheko kama zawadi. Wageni wanakuja kutoka Arua, na wimbo wa kupokea wageni umejileta wenyewe hadi kwenye pampu! Alimshukuru Mungu njia nzima, mpaka Pajulu.

Basi wakajifunza. Alionzi aliwakataza kuimba, kwa sababu mtoto anayeanza akiimba husahau mkono, na kwa hiyo maneno yakabaki midomoni mwao. Walioacha darasa walisikia mlio kutoka barabarani, wakachungulia dirishani, wakarudi mmoja mmoja. Hakuna aliyelia. Yangi alikuwa wa kwanza kupiga mwanzo hadi mwisho bila uzi hata mmoja kukoroma, na alipomaliza alimtazama mwalimu kwa dharau tamu, kana kwamba anasema: ulikuwa unatuficha hii kwa nini?

Siku ya shukrani ikafika. Ukumbini watu walipanga simsim, mtama, mihogo na kuku waliofungwa miguu, wakakaa wakasubiri wageni. Wakasubiri tena. Wageni wenyewe, wakiongozwa na Mzee Asiku, walifika jua limeshapanda sana, wamevaa vizuri, wakaketi mbele, na mikononi hawakuwa na kitu. Walikuja kushukuru mavuno na hawakuleta hata ndizi.

Mama Keji akampa mwalimu ishara. Watoto wakaanza, magitaa matatu ya kanisa na la Alionzi likiwasindikiza chini chini.

Mwanzoni ukumbi ulitulia. Kisha bibi mmoja wa benchi ya nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Mama wa pembeni yake akaanza kuimba. Wa pili akadaka, na kufumba na kufumbua akina mama wote walikuwa wamesimama, wamefunga vitenge viunoni, wanawazunguka wageni kwa vigelegele. Mmoja akatandika kitenge sakafuni mbele ya miguu ya Mzee Asiku. Alionzi alitabasamu hadi sikioni. Aliona wageni wamepokelewa, wamepokelewa kweli, akaongeza nguvu.

Mama Keji akamsogelea na kuinama sikioni kwake. "Mwalimu, hii wimbo nani alikupa?"

"Watoto. Ya kupokea wageni."

"Ya kupokea wageni ya kuja kuoa mutoto yetu na mikono mitupu!" alisema Mama Keji, na machozi ya kicheko au ya hasira, Alionzi hakujua ni yapi, yalikuwa yanamtoka. "Unajua tunasema nini? Wakwe, mbuzi mliacha njiani, ama mbuzi iliwaacha nyinyi? Mikono yenu iko na ugonjwa gani? Hapo tunawaita watu ya mukono wa birika!"

Alionzi akaacha kupiga. Akawaona akina mama wakimnyooshea Mzee Asiku vidole, akaziona akilini cherehani zikiingia ukumbini moja baada ya nyingine. Akawapungia watoto waache kupiga. Hawakuacha.

"Bado, mwalimu," Yangi alimwambia bila kukosa mpigo. "Hajaweka kitu."

Maana ndivyo ulivyo ule wimbo. Haukomi mpaka kitu kiwekwe juu ya kitenge, na kikishawekwa hakirudishwi. Watoto walikulia nyuma ya mama zao kwenye sherehe hizo, na jambo hilo walilijua kuliko mwalimu wao.

Mzee Asiku akasimama. Uso wake ulikuwa mkavu. Sasa, kitu ambacho Alionzi hakukijua ni kwamba mzee huyo aliwahi kusimama mbele ya wimbo huo huo akiwa kijana, huko Midia kwa Wakakwa, alipokwenda kuoa, na hajausahau. Akavua koti lake la suti, akacheza hatua chache huku magoti yakilalamika, akaliweka juu ya kitenge.

"Wakwe zangu, mnisamehe," alisema. "Mbuzi iko njiani."

Ukumbi ulilipuka. Wageni wengine wakafuata kwa kicheko: mmoja kofia, mmoja mwavuli, dereva wao miwani yake ya jua. Alionzi akapumua.

Alipumua mapema. Bibi wa benchi ya nyuma alikuwa ameinua fimbo yake na kuielekeza kwake. "Na huyu? Huyu pia ni mugeni. Kila Jumamosi nakuja, nakula mihogo yetu, naenda!"

Wimbo ukageuka na watu wake, ukamjia yeye. Watoto nao wakageuka na magitaa yao, wakampigia mwalimu wao usoni. Alionzi alikuwa ameacha kupiga, na kwa mara ya kwanza akalisikia darasa lake kutoka mbele, kama wengine wanavyolisikia. Lilikuwa safi. Am ikaenda, Em ikaja, na hapakuwa na uzi uliokoroma. Alijivunia watoto wale kuliko harusi zote alizowahi kuzichezesha.

Aweke nini? Koti hakuwa nalo. Ufunguo wa pikipiki alihitaji kurudia nyumbani. Mikononi alikuwa na kitu kimoja tu. Akalitazama gitaa, akapitisha kidole gumba pale palipolika, akainama na kulilaza juu ya kitenge, taratibu, upande usio na ufa.

Watoto wakaacha kupiga wenyewe. Mama Keji akalitazama gitaa, akamtazama mwalimu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Haya," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mutu gitaa yake inalala kwetu, mulango tunamufungia namna gani? Huyu si mugeni tena. Jumamosi iko yake. Cherehani itaingia Jumatatu jioni, wasichana ikitoka shule."

Alasiri ile Alionzi aliendesha pikipiki mgongo ukiwa mwepesi, akawa anajinyoosha kila mara kama mtu aliyesahau kitu. Wauza mihogo wa Maracha walimpungia nusu nusu, wakishangaa. Alipofika Pajulu, Filda alitoka kumpokea gitaa kama kawaida, akauzunguka mgongo wake na kukuta kitenge kitupu.

"Gitaa liko wapi?"

"Limebaki kwa wakwe."

Filda akaweka chini ungo wa karanga. "Wakwe gani, Baba Ivan? Umeoa Koboko?"

Alionzi alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, na ilimchukua muda kupata pumzi ya kusimulia. Filda akasikiliza yote, wimbo, koti, fimbo ya bibi, bila kumkatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Na vumbi atalifuta nani?"

"Yangi," Alionzi akasema. "Nimemwambia aliguse anavyotaka."